Mzee Santuri Anajibu: Wembe, Ngazi na Zipu

Mwezi uliopita niliomba maswali kuhusu albamu za roki za Uingereza, zile za miaka ya 1960 na 1970, na meza imejaa. Walioniuliza nani mkali kati ya Beatles na Rolling Stones, samahanini, huo ubishi endeleeni nao huko huko. Nimechagua maswali ya kazi: nani alifanya nini chumbani, tepu ilikatwa wapi, santuri ilifikaje dukani. Miaka yangu ya ajira niliimalizia nyuma ya mashine za tepu, kwa hiyo mkiona nimeng'ang'ania wembe na gundi mnajua sababu.

Shikamoo Mzee. Mjomba anashikilia kwamba Beatles walirekodi albamu yao ya kwanza kwa siku moja. Mimi nimesoma kwamba Sgt. Pepper iliwachukua takriban miezi mitano. Watu walewale, studio ileile! Nani anadanganywa hapa? — Mpwa Mbishi

Marahaba. Mjomba wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa, mpe heshima yake. Albamu hiyo, Please Please Me, ina nyimbo 14. Nne zilikuwa zimeshatoka kwenye santuri ndogo mbili. Kumi zilizobaki zilirekodiwa siku moja, 11 Februari 1963, kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa tano usiku, kwenye studio za EMI pale Abbey Road, London. Mashine ilikuwa ya njia mbili: moja ya ala, moja ya waimbaji. Kwa mashine ya namna hiyo hujengi wimbo tofali kwa tofali. Unawasha tepu, bendi inapiga kama ilivyozoea kupiga klabuni kila usiku, basi.

Siku hiyo John Lennon alikuwa na mafua. George Martin, mtayarishaji, aliuacha "Twist and Shout" uwe wa mwisho, maana alijua ukishaimbwa ule koo halitafaa kwa kazi nyingine usiku huo. Lennon akanyonya vidonge vya koo, akanywa maziwa, akauimba. Walipojaribu mara ya pili, sauti ilikuwa imekwisha. Tulichonacho kwenye santuri ni ile mara ya kwanza, na ule mkwaruzo ambao waimbaji wengi wamehangaika kuuiga ni mafua na uchovu tu. Albamu ilikuwa madukani tarehe 22 Machi. Wiki sita hazikutimia.

Sasa njoo Novemba 1966, Sgt. Pepper inapoanza. Bendi imeacha kupiga jukwaani tangu Agosti, haina anayeikimbiza, na mashine ni ya njia nne. Ninyi mnaorekodi kwenye kompyuta mtacheka: nne! Lakini angalia walivyofanya. Ngoma njia ya kwanza, gitaa ya pili, besi ya tatu, piano ya nne. Zimejaa. Unaleta mashine ya pili, unazimimina zote nne, zikiwa zimeshachanganywa, kwenye njia moja au mbili za tepu mpya, na nafasi inapatikana tena. Ila tangu dakika hiyo huwezi tena kuipunguza piano peke yake; imeshaolewa na besi. Na kila ukimimina, ile "shhh" ya tepu inapanda. Kwa hiyo mtu alilazimika kuamua leo, kwa sikio lake, jambo ambalo ninyi mnaliahirisha hadi mwezi ujao. Miezi mitano ile haikwenda kwenye kupiga. Ilikwenda kwenye kuamua.

"A Day in the Life" ulikuwa na tundu katikati, vipimo 24 (mafungu ya mapigo) vitupu. Mal Evans, msaidizi wao, alisimama akivihesabu kwa sauti, na mwishoni saa ya kengele ikalia kuonyesha mahali pa kuingilia. Tarehe 10 Februari 1967 wakaitwa wapigaji 40 wa okestra kuliziba. Wakaambiwa kila mmoja aanze na noti ya chini kabisa ya ala yake na apande hadi ya juu, kwa mwendo wake, bila kumfuata jirani. Kwa watu waliosomea maisha yao yote kupiga pamoja, hilo lilikuwa karibu na tusi. Wakarekodiwa mara nne na zote zikapangwa juu ya nyingine. Njia nne hazikutosha, kwa hiyo fundi Ken Townsend akaziunganisha mashine mbili: mlio wa mizunguko 50 kwa sekunde ukarekodiwa kwenye tepu ya kwanza, na mlio huo ndio ulioendesha mota ya mashine ya pili. Kengele ya Mal Evans haikutolewa. Isikilize, iko kabla Paul McCartney hajaanza kuimba kwamba ameamka kitandani.

Na ule mlio wa piano wa kufungia kazi, 22 Februari: piano tatu na hamoniamu zimegongwa kwa mpigo mmoja, na kadiri sauti inavyofifia fundi wa sauti Geoff Emerick anapandisha vidhibiti vya mikrofoni. Mwishoni vimefika juu kabisa, na kiti kinasikika kikilia chumbani. Mweleze mjomba akisikilize.

Mzee, mimi ni mpiga ngoma. Nimenunua programu mbili za sampuli na bado sipati mlio wa John Bonham wa Led Zeppelin kwenye "When the Levee Breaks". Ninunue mashine gani? — Kijana wa Teke

Usinunue kitu. Unachohitaji ni ngazi.

Headley Grange ni jumba la zamani huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, lililojengwa mwaka 1795 kuwa makao ya maskini. Led Zeppelin walikwenda kuishi na kufanya kazi humo, gari la kurekodia likaegeshwa nje, nyaya zikapita mlangoni. Sebule ya kuingilia ni ndefu kwenda juu, ngazi zikipanda kuizunguka. Seti ya ngoma ikakaa chini sakafuni. Fundi Andy Johns akapanda ngazi na kuning'iniza mikrofoni mbili za Beyerdynamic M160, zikitazama chini. Mbili tu. Teke, ile ngoma kubwa ya mguuni, haikuwa na yake, sneya haikuwa na yake.

Halafu sauti hiyo akaipitisha kwenye kikandamizi, na akaibana kweli kweli. Kikandamizi kinashusha pigo lenye nguvu. Pigo likishashuka, kile kinachofuata nyuma yake, yaani chumba chenyewe kikijibu, kinapanda. Ndiyo maana kila teke linaonekana kama linavuta pumzi kabla ya lingine kuja. Juu yake akaongeza mwangwi wa Binson Echorec, mashine ya Kiitaliano iliyohifadhi sauti kwenye gurudumu la chuma linalozunguka. Mwisho, tepu ya muziki ikapunguzwa mwendo. Hapo kila kitu kikawa kizito zaidi, hata harmonika.

Programu zako zina sampuli safi zilizochukuliwa kwa mikrofoni iliyokaribia ngozi ya ngoma, nawe unazimwagia mwangwi baadaye. Sikio linasikia vitu viwili, ngoma na mwangwi. Pale Headley Grange kulikuwa na kitu kimoja. Tafuta chumba kirefu cha zege au mbao, mikrofoni iwe mbali, na upige kwa nguvu bila kuharakisha. Hilo la mwisho haliuzwi, na Bonham ndiye aliyekuwa nalo.

Kwa kuwa umeutaja wimbo huo: albamu yake, ambayo watu huiita Led Zeppelin IV, ilitoka 8 Novemba 1971 ikiwa haina jina la bendi wala jina la albamu kwenye jalada. Kampuni ya Atlantic ilipinga, mpiga gitaa Jimmy Page hakutetereka. Watu wakaipata tu dukani.

Habari za kazi, Mzee? Nikisoma majalada naona "Rolling Stones Mobile" kwenye albamu za bendi nyingine kabisa. Stones walikuwa wanapiga humo kwa siri? — Dada Msomi wa Majalada

Njema, dada. Hapana, hawakupiga, walikodisha gari. Lilikuwa lori lenye studio ndani: meza ya kuchanganyia, mashine za tepu, spika. Stones walilitengeneza ili warekodi nyumbani kwao badala ya kulipia studio kwa saa, na walipokuwa hawalitumii likawa linawaingizia kodi. Ndilo lililoegeshwa Headley Grange. Ndilo walilolipeleka wenyewe kusini mwa Ufaransa mwaka 1971, kwenye jumba la Nellcôte alilopanga mpiga gitaa wao Keith Richards, wakapiga kwenye orofa ya chini ambako joto na unyevu vilizigeuza nyuzi za gitaa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Huko ndiko zilikoanzia sehemu kubwa za albamu yao Exile on Main St.

Lakini safari iliyolipatia jina ni ya Deep Purple. Desemba 1971 walikwenda Montreux, Uswisi, wakitaka kurekodi kwenye kasino la mji ambalo lilikuwa linafungwa kwa majira ya baridi. Onyesho la mwisho kabla ya kufungwa lilikuwa la Frank Zappa, tarehe 4. Mtu mmoja ukumbini akafyatua fataki kuelekea darini, na kasino likateketea lote huku Deep Purple wakiangalia moshi ukitambaa juu ya ziwa.

Lori lipo, wanamuziki wapo, chumba hakuna. Wakapewa ukumbi wa tamthilia uitwao Pavilion. Wakaanza kupiga usiku, majirani wakashindwa kulala, polisi wakaja. Wasaidizi wa bendi wakaishikilia milango isifunguke hadi wimbo uliokuwa ukirekodiwa ukamilike. Huo ndio muziki wa "Smoke on the Water", ingawa wakati huo haukuwa na maneno wala jina. Nampenda sana mtu asiyejulikana aliyeegemea ule mlango.

Baada ya hapo wakahamia Grand Hotel, iliyokuwa tupu na ya baridi. Wakapiga kwenye korido, wakaiziba kwa magodoro. Nyaya zilikwenda hadi kwenye lori nje, na aliyetaka kusikiliza alichopiga alilazimika kupita vyumba vya kulala, kuvuka baraza, na kutoka kwenye theluji. Wakaona tabu. Wakaacha kwenda kusikiliza; wakipiga na kuona imekaa sawa, wanaendelea na wimbo mwingine, na fundi Martin Birch peke yake lorini ndiye anayejua imekuwaje. Wiki mbili na ushei, kazi imekwisha. Machi 1972 Machine Head ikatoka. Na wimbo waliouchagua kuuza albamu haukuwa "Smoke on the Water". Ulikuwa "Never Before". Ni wangapi kati yenu mnaweza kuuimba?

Mzee wangu, marehemu baba aliniachia The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd. Kwenye yake, "The Great Gig in the Sky" umeandikwa kuwa wa Wright peke yake. Kwenye niliyonunua mwenyewe imeandikwa Wright na Torry. Ipi ni halali? — Mrithi

Pole kwa baba, na hongera kwa urithi. Zote ni halali. Yako ilichapwa baada ya kesi, ya baba kabla.

Wimbo ule Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi, aliutunga kwa piano, na bendi ikawa haijui iweke nini juu yake. Alan Parsons, fundi wa Abbey Road, akamkumbuka mwimbaji mmoja, Clare Torry. Akaja Jumapili ya 21 Januari 1973. Alipoanza kwa maneno ya kawaida ya waimbaji, "baby" na "yeah", wakamwambia hapana, maneno hatutaki. Akaamua ajifanye ala, kama tarumbeta au gitaa. Akaimba mara mbili tatu, akalipwa pauni 30, ambayo ilikuwa mara mbili ya malipo ya kawaida kwa kuwa ilikuwa Jumapili, akaondoka akidhani hawakuipenda. Alikuja kujua imetumika alipoiona santuri dukani na jina lake likiwa miongoni mwa waliotajwa.

Kutajwa kuwa mwimbaji ni jambo moja. Kutajwa kuwa mtunzi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mtunzi hulipwa kila santuri inapouzwa na kila wimbo unapopigwa redioni. Mwaka 2004 alikwenda mahakamani London akidai kwamba ule mlio wote wa sauti, unavyopanda na kushuka, aliutunga yeye papo hapo. Mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake liko pamoja na la Wright. Mimi naona ni haki iliyochelewa miaka 30 na zaidi. Toa sauti yake kwenye wimbo ule, kinachobaki ni piano nzuri inayomsubiri mtu.

Na zile sauti za watu wakizungumza hapa na pale? Roger Waters, mpiga besi wao, aliandika maswali kwenye kadi, akawakalisha watu studioni na kurekodi majibu: wasaidizi wa bendi, wafanyakazi, yeyote aliyepita. Paul McCartney, aliyekuwa jengo hilohilo, alihojiwa, lakini majibu yake hayakutumika. Neno la mwisho la albamu nzima, kwamba kwa kweli mwezi wote ni giza, alilisema Gerry O'Driscoll, bawabu wa studio. Nyota aliachwa, bawabu akaingia.

Swali la kiufundi, Mzee: zile sarafu mwanzoni mwa "Money" zinakwenda na mapigo sawasawa. Mwaka 1973 hakukuwa na kompyuta ya kuzipanga. Walifanyaje? — Mwanafunzi wa Sauti

Kwa rula. Nimesubiri swali hili.

Tepu ya studio ilikwenda sentimita 38 kwa sekunde. Maana yake muda unaweza kuushika mkononi na kuupima: kama pigo la wimbo ni nusu sekunde, pigo moja ni sentimita 19 za tepu. Waters alirekodi nyumbani sarafu zikitupwa kwenye bakuli kubwa ambalo mkewe, mfinyanzi, alichanganyia udongo. Kukawa na karatasi inachanwa, rejista ya duka inalia na kufunguka. Kila sauti unaitafuta kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma, hadi usikie inapoanzia. Unaweka alama kwa penseli ya nta. Unapima kwa rula. Unakata kwa wembe. Ukikata mshazari, sauti mbili zinapishana kidogo. Ukikata wima, inayofuata inaingia kama kofi. Sauti kama za sarafu zinataka kofi.

Vipande saba vyenye urefu mmoja, vimebandikwa mkia kwa kichwa, halafu mwisho umebandikwa kwenye mwanzo. Ni mkufu sasa. Mkufu huo ni mrefu kuliko mashine, kwa hiyo unauzungusha kwenye stendi ya mikrofoni iliyosimama kando ili usilegee, unabonyeza, nao unazunguka saba, saba, saba hadi umeme ukatike. Bendi ikapiga juu yake. Hesabu na wewe: mapigo ni saba wakati saksafoni ya Dick Parry inapolia, na gitaa la David Gilmour linapochukua usukani bendi inahamia nne. Wengi hucheza wimbo huu miaka kumi bila kujua kwa nini mguu unakosea.

Kwa nini jalada la Paranoid la Black Sabbath lina mtu mwenye upanga na ngao? Paranoia na upanga wapi na wapi? — Mtu wa Chuma

Hapana uhusiano. Albamu ilikuwa iitwe War Pigs na jalada likatengenezwa kwa jina hilo. Yule bwana ni mpiganaji wa vita. Walipoona albamu ni fupi Tony Iommi akatoa mlio wa gitaa harakaharaka, Geezer Butler akaandika maneno, na "Paranoid" ukapatikana kama wa kujazia. Ukatoka kwenye santuri ndogo (baadaye ukafika namba nne Uingereza), na kampuni ikaona ni upuuzi kuuza albamu kwa jina jingine. Jina likabadilishwa, picha ikabaki. Albamu ikatoka hivyo Septemba 1970.

Mzee, mwishoni mwa Abbey Road, albamu ya Beatles, kuna kiwimbo cha sekunde chache ambacho kwenye jalada la zamani hakikuandikwa. London Calling ya The Clash nayo ina wimbo usioorodheshwa. Ni mtindo wa wakati ule? — Mtafuta Vilivyofichwa

Hakuna aliyeficha kitu. Ni hadithi mbili tofauti.

"Her Majesty" ni wa sekunde 23 na ulikuwa katikati ya ule mfululizo wa nyimbo fupi upande wa pili, kati ya "Mean Mr Mustard" na "Polythene Pam". Mwisho wa Julai 1969 McCartney akasikiliza mfululizo wa majaribio, akasema huo utolewe, utupwe. Kijana aliyekuwa akiendesha tepu, John Kurlander, alikuwa amefundishwa na EMI kwamba chochote walichokirekodi Beatles hakitupwi. Akakiokota kile kipande, akakiunganisha mwishoni kabisa mwa gurudumu kwa tepu tupu ndefu ili kisichanganywe na kazi. Gurudumu likaenda kukatwa santuri ya majaribio, kipande kikaenda nalo. McCartney akakisikia kikitokea baada ya ukimya mrefu, akakipenda palepale.

Jeraha bado linaonekana. Wembe ulipita vibaya, kwa sababu kilikuwa kinatupwa: "Her Majesty" unaanza na kishindo kikubwa, ambacho ni pigo la mwisho la "Mean Mr Mustard" lililokatika nacho, na unaisha kabla ya noti yake ya mwisho, iliyobaki chini ya mwanzo wa "Polythene Pam". Kila nikiusikia vidole vyangu vinatafuta gundi.

Ya The Clash ni ya uchapaji. "Train in Vain" ulikuwa utolewe bure na gazeti la muziki la NME. Mpango ukavunjika, wimbo upo, albamu iko mlangoni. Ukasukumwa mwishoni mwa upande wa nne wakati majalada yalikuwa yameshachapwa. Tarehe 14 Desemba 1979 watu wakanunua albamu ya santuri mbili kwa bei ya moja, jambo ambalo bendi ililipigania, na humo wakakuta wimbo wa nyongeza. Na huo wa nyongeza ndio uliopigwa na redio za Marekani.

Ni kweli watayarishaji waliweka nyimbo za polepole mwishoni mwa kila upande kwa sababu za kiufundi? — Shabiki wa Sindano

Sababu ni ya kweli, kanuni ilivunjwa kila siku. Santuri kubwa inachukua sekunde 1.8 kuzunguka mara moja, iwe sindano iko nje au ndani. Pembeni, katika sekunde hizo sindano inasafiri karibu sentimita 90 za mfereji. Karibu na lebo inasafiri kama 40. Muziki uleule, nafasi chini ya nusu, kwa hiyo sauti nyembamba kama za matoazi na herufi "s" zinasongamana na kukwaruza. Mtu mwenye akili anaweka kitu cha upole pale.

Sasa tazama walichofanya. "A Day in the Life" uko mwishoni, okestra yake ikipasuka mahali pabaya kuliko pote. "Stairway to Heaven" unafunga upande wa kwanza, na unaanza kwa upole lakini hauishii hivyo. "When the Levee Breaks" unafunga wa pili. Mpangilio wa hisia ulishinda hesabu, na aliyebaki na kazi ni yule fundi wa kukata santuri, ambaye hakuna shabiki anayemtaja. Mkitaka kumwona, inamisha santuri ya Kiingereza ya miaka ya 1970 kwenye mwanga, soma pale patupu karibu na lebo. Ukikuta imechongwa "A Porky Prime Cut", hiyo ni kazi ya George Peckham. Wakubwa wa makampuni hawakuweza kuifuta, ilikuwa imeshakatwa.

Mzee unapenda kusifu mono. Stereo ina pande mbili, mono ina moja. Hesabu si rahisi? — Masikio Mawili

Hesabu ni rahisi, jiulize nani alikuwa chumbani. Mwaka 1967 watu wengi walikuwa na spika moja, kwa hiyo Beatles walikaa na mafundi wakaichanganya Sgt. Pepper ya mono kwa makini. Ya stereo ilichanganywa baadaye, harakaharaka, wenyewe hawapo. "She's Leaving Home" kwenye mono unakwenda kasi zaidi na uko juu zaidi. Msichana anaondoka nyumbani kweli. Kwenye stereo anaburuta sanduku. Sikiliza unachopenda, ila usiniambie kwamba ya stereo ndiyo waliyoitaka wao.

Nimepata Sticky Fingers ya Rolling Stones, ya mwaka 1971, yenye zipu halisi kwenye jalada. Nifunge au nifungue? — Mwenye Bahati

Ishushe hadi katikati, iache hapo. Santuri zilipopangwa moja juu ya nyingine na kusafirishwa, zipu iliyofungwa juu ilikandamiza na kuumiza mfereji wa santuri iliyo jirani. Dawa waliyoipata ilikuwa kuishusha kabla ya kufunga mizigo, ili chuma kiangukie kwenye lebo ya karatasi, mahali ambapo sindano haifiki. Weka kadibodi ngumu kati yake na santuri jirani, isimamishe wima wala usiilaze chini ya nyingine, na kama zipu imekwama usiivute. Paka nta kidogo ya mshumaa kwenye meno, subiri, kisha jaribu tena kwa vidole viwili.